Pingili ya Kuanzia

Nitaonekana mtu asiye na unyenyekevu msikitini, lakini nitasema kweli. Nikichelewa jamaa, nikaingia imamu amesharukuu, macho yangu hukimbilia migongo kabla hayajatafuta nafasi kwenye safu. Mzee wa duka la misumari ameinama, mikono imefika magotini sawasawa, ila kiuno chake hakijakunjika hata kidogo. Kilichokunjika ni nyonga. Kijana wa pembeni yake ametandaza mgongo kama ubao uliopigwa randa. Wa tatu ubavu wake wa kulia umetuna kuliko wa kushoto. Mwaka 1865 daktari mmoja Mwingereza, William Adams, alieleza kwamba mgongo uliopinda kwa upande hujificha mtu akisimama na hujitangaza akiinama, nami nimeuona ukijitangaza kwenye rakaa ya pili ya alasiri. Halafu nakumbuka kilichonileta, nafunga swala.

Nimestaafu. Kazi yangu ilikuwa fiziotherapia. Tanga waliiita "mazoezi", na mimi wakaniita "daktari wa mazoezi" ingawa udaktari sikusomea. Nimeshika migongo ya makuli wa bandarini, ya wakata mkonge, ya madereva wa malori, ya walimu, ya wajawazito, na miaka ya mwisho ya vijana waliojikunja juu ya simu. Mingi nimeisahau. Mmoja sijausahau, wa mtoto wa miaka 9, na mara ya kwanza ulikuwa mikononi mwangu kwa muda usiozidi dakika 10, mwaka 1982. Nauandika sasa kwa sababu bibi yake hayupo tena, mwalimu wangu hayupo, na vidole vyangu mwenyewe vimeanza kufa ganzi.

Lazima nianzie Moshi, nilikofundishwa.

Tulifika chuoni mwaka 1979, vita vya Kagera ndiyo kwanza vimekwisha na sukari ni ya kupanga foleni. Kwa mtoto wa pwani asubuhi za Moshi zilikuwa adhabu. Wavulana tulivua mashati, mmoja akasimama mbele kama mbuzi wa mnada, na mwalimu akaanza somo. Alikuwa mama mfupi, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Kabla ya kumgusa mtu alikuwa akikumbatia mikono yake kwapani, dakika nzima, huku darasa linamsubiri. Wa kwanza kucheka aliitwa mbele akawekewa mkono wa mwenzake uliotoka kwenye maji ya bomba. Misuli ya mgongo ikaruka yote. "Umeona?" akasema mwalimu. "Mkono wa baridi unauliza na kujijibu wenyewe."

Kwenye mkoba wake mlikuwa na wanja. Wanja wenyewe, wa machoni. Alikuwa anaweka alama mgongoni kwa wanja kwa sababu kalamu ya wino haitoki kwa sabuni, na sabuni yenyewe haikuwepo.

Pingili za uti wa mgongo ni 33 ukihesabu zote: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 zilizoungana kuwa mfupa mmoja nyuma ya nyonga, na kama 4 ndogo za kifandugu. Kuzikariri ni kazi ya usiku mmoja. Kuzipata chini ya ngozi ya mtu aliye hai kulitula mwaka. Ile ya juu kabisa haina mwiba wa nyuma, kwa hiyo kidole kikiteremka kutoka kisogoni kinaanguka shimoni, na cha kwanza kukigusa ni mwiba wa pingili ya 2. Baada ya hapo shingo inajipinda kwa ndani, miiba inazama chini ya nyama, na hesabu inapotea. Ndiyo maana watu huanzia chini ya shingo, kwenye kile kifundo kinachojitokeza ukivaa kanzu isiyo na kola. Vitabu vinasema hiyo ni pingili ya 7.

"Vitabu," alisema mwalimu, "havijawahi kukutana na huyu." Akampiga mwenzetu begani.

Kwa watu wengi ni kweli kifundo hicho ni cha 7. Lakini wapo ambao kinachojitokeza zaidi ni cha chini yake, pingili ya kwanza ya kifua, na ukianza vibaya hapo basi kila utakachohesabu hadi chini kitakuwa pungufu au zidi kwa moja. Akatuonesha namna ya kuamua. Weka vidole viwili juu ya vifundo viwili vinavyofuatana. Mwambie mtu ainue uso taratibu, atazame dari. Pingili ya 6 huteleza mbele na kupotea chini ya kidole, kama kijiwe kinavyozama kwenye mchanga wa maji. Ya 7 hubaki. Sitasahau siku ile kidole changu kilipohisi tofauti hiyo kwa mara ya kwanza, mfupa mmoja ukaondoka na mwenziwe ukabaki mahali pake. Nilimwinua yule mwenzangu uso na kumwinamisha mpaka akalalamika kizunguzungu.

Kutoka hapo kuna njia za mkato, nasi tulizipenda kama wanafunzi wanavyopenda mkato wowote. Mwinuko wa mfupa unaokatiza nyuma ya kombe la bega, pale unapoishia karibu na uti, huwa sawa na pingili ya 3 ya kifua, na ncha ya chini ya kombe huangukia karibu na ya 7. Mshike mtu viunoni kwa nyuma, vidole gumba vikutane mgongoni, na hapo uko kwenye pingili ya 4 ya kiuno, au kati yake na ya 5. Vile vishimo viwili juu ya makalio vinakupa pingili ya 2 ya ule mfupa ulioungana. Mwalimu alitufundisha zote, kisha akatuharibia furaha. "Hizo ni anwani za mtaa. Namba ya nyumba mtaitafuta wenyewe."

Akatupa jaribio. Mwenzetu mmoja akalala kifudifudi, na sisi watano tukaingia mmojammoja kutia alama kwenye pingili ya 4 ya kiuno. Kila aliyetoka, mwalimu alipima alama yake kwa futikamba, akaiandika daftarini na kuifuta. Mwishoni akazirudishia zote tano kwa wanja. Zilianza kiunoni zikapanda kama ngazi. Tulicheka sana, na yule aliyelala akataka kujua tunacheka nini.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2000, madaktari wa usingizi wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio la aina hiyohiyo, ila wao walikuwa na mashine ya kuthibitisha. Walitia alama migongoni mwa wagonjwa 100, wakawauliza wenzao wazoefu alama ile iko kati ya pingili zipi, kisha wakalinganisha majibu na picha za MRI. Waliopatia ni asilimia 29. Mara nyingi alama ilikuwa juu kuliko walivyodhani. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mama yule na futikamba yake. Nilitamani kumwandikia, lakini alikuwa ameshafariki.

Usiku tulifanya zoezi jingine, la kuhisi. Unachukua unywele mmoja, unauweka chini ya ukurasa wa kitabu cha simu, unaupapasa juu ya karatasi kwa ncha ya kidole hadi uupate. Kisha unaongeza ukurasa. Unywele unapokuwa chini ya kurasa nyingi, ukikandamiza haupati. Unaupata ukilegeza mkono. Mimi sikuvuka kurasa 6. Msichana mmoja wa Singida alifika 9 huku anapiga hadithi.

Mwendo wa mgongo nao una hila zake. Shingo hugeuka takribani digrii 80 kila upande, na karibu nusu ya mgeuko huo hutoka kati ya pingili mbili za juu kabisa. Kiuno, ambacho kila mcheza ngoma anaamini kinazunguka, kwenye mfupa hakigeuki zaidi ya digrii 10 hivi, maana viungo vyake vya nyuma vimesimama wima kama bawaba na kuzuia mzunguko. Kinachozunguka kwenye ngoma ni nyonga. Nilimweleza hivyo shangazi yangu, naye akaniambia niende nikaoe kwanza.

Lakini kipimo ambacho mwalimu alikichukia waziwazi kilikuwa "inama uguse vidole vya miguu". Kila hospitali ilikitumia. Kinachukua sekunde 5, hakihitaji kifaa, na kinamdanganya mpimaji, kwa sababu mtu mwenye nyonga laini anaweza kugusa sakafu huku mgongo umekakamaa kama mchi. Yeye alitutaka tupime mgongo wenyewe, kwa njia ya Mjerumani Paul Schober ya mwaka 1937, ambayo Macrae na Wright waliirekebisha mwaka 1969. Tafuta mstari wa vile vishimo viwili. Tia alama sentimita 5 chini yake na sentimita 10 juu yake. Mtu akisimama, kati ya alama hizo pana sentimita 15. Akiinama, mgongo ukiwa mzima, ngozi huvutika na nafasi huongezeka kwa sentimita 5 au zaidi. Kama haikuongezeka, kuna mfupa unaokataa, au misuli inayoulinda mfupa. Futikamba ya fundi cherehani inatosha.

Nilijua yote haya. Ndiyo maana nimeyaeleza kwa urefu.

Mwaka 1982, mwaka wa mwisho wa masomo, nilipelekwa kwa mafunzo ya vitendo kwenye hospitali moja ya wilaya kwenye nchi ya mkonge, si mbali na reli. Hali ya nchi ilikuwa mbaya. Chumba cha mazoezi kilikuwa na kitanda kimoja, benchi, na taa ya joto iliyoungua balbu. Mashine ya picha ilikuwepo, filamu hazikuwepo, na mhudumu wake alikuwa anashinda chini ya mwarobaini akicheza bao. Aliyekuwa na mikono alitumia mikono.

Bibi alikuja siku ya Ijumaa na mjukuu wake, wamepanda lori la mkonge kutoka shambani. Nakumbuka ni Ijumaa kwa sababu ya nilichokifanya baadaye. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa benchi, akamwinamia mtoto na kumfungua vifungo vya gauni kwa nyuma kabla sijasema neno.

"Mwanangu," alisema, "mimi nakanda. Nimekanda wazazi, nimekanda walioanguka minazi. Huyu namkanda tangu siku aliyozaliwa. Hapa pana kijiwe. Hakikuwepo."

Nikamuuliza mtoto anaumwa wapi. Akaonesha tumbo. Bibi akasema tangu Mfungo Mosi hataki kucheza rede, na shuleni anachapwa kwa uvivu kwa kuwa akipewa fagio la chelewa hainami na wenzake, anafagia amechuchumaa. Usiku analia usingizini. "Nikimwamsha, hajui alikuwa analia nini."

Kila sentensi ya yule bibi ilikuwa alama ya ugonjwa, na zote zimo kwenye vitabu. Mtoto mwenye ugonjwa wa pingili za kifua huweza kuonesha tumbo, maana mishipa ya fahamu inazunguka na mbavu hadi mbele. Mchana misuli inaushika mgongo usisogee. Usingizi ukimchukua misuli inalegea, mfupa mgonjwa unasogea, naye anapiga kelele bila kuamka. Na fagio, nitalirudia fagio.

Nje palikuwa na foleni. Nilitaka kuwahi Ijumaa. Nikamwambia mtoto, "Haya bibie, inama uguse vidole vya miguu." Akainama, akagusa. Nyonga za mtoto wa miaka 9! Angegusa hata kama mgongo wake ungekuwa umepigiliwa ubao. Nikaandika kwenye kadi: mgongo unainama vizuri.

Kisha nikapitisha kidole.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikisimulia kisa hiki kwa wanafunzi, na nilikuwa nasema kwamba sikukihisi. Huo ni uongo mdogo uliokaa nami hadi nikakaribia kuuamini. Nilikihisi. Kidole kilishuka kati ya makombe ya mabega, mwiba baada ya mwiba, kisha kikapanda. Si sana, kama gari likipita juu ya jiwe dogo. Mwiba mmoja ulikuwa umetoka nje kuliko wenzake, wenye ncha, na mtoto akavuta pumzi. Nikawa tayari nina jibu. Watoto wembamba ndivyo walivyo. Kidole kikaendelea kushuka hadi kiunoni.

"Bibi," nikasema, "huyu amekonda tu, ndiyo maana mifupa inaonekana. Mpe uji." Nikamfundisha mtoto mazoezi ya kuinama na kuinuka, mara 10 asubuhi na 10 jioni, kitambaa cha moto kabla. Arudi baada ya wiki 3.

Bibi alifunga vifungo vya gauni pole pole. Hakubisha. Watu wa rika lake hawakubishana na hospitali. Akaniaga, nami nikawahi swala.

Wiki 3 hazikutimia. Alirudi mgongoni kwa mjomba wake. Walipomsimamisha miguu ilikuwa migumu, ikapishana kama mkasi, na akishikwa mikono alitembea kwa ncha za vidole. Nilimtambua kwa gauni.

Siku hiyo mwalimu alikuwa amekuja kutoka Moshi kutukagua sisi tulio vituoni. Ni bahati mbaya yangu na bahati nzuri ya mtoto. Aliingia, akamwamkia bibi, na badala ya kusogea kitandani akakaa naye kwenye benchi. Hakusoma kadi yangu. Akasema, "Mama, nioneshe."

Bibi akaweka kidole. Hakupapasa, hakuhesabu, kidole kilienda moja kwa moja kama mtu anayezima taa ya chumbani kwake gizani. Mwalimu akakumbatia mikono kwapani, akasubiri, kisha akaweka cha kwake pembeni ya cha bibi na kufumba macho. Akakigonga kile kifundo kidogo kwa ncha ya kidole, mtoto akalia.

"Kabla miguu haijawa hivi," akauliza, "alikuwa anaokotaje kitu chini?"

Bibi alifungua fundo la khanga, akatoa senti 50, ile yenye sungura, akaidondosha sakafuni. Akasimama mbele yetu, mwanamke wa miaka 60 na ushei, akamwigiza mjukuu wake. Mkono mmoja pajani. Magoti yakakunjika, nyonga zikashuka, na mgongo ukabaki wima kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Akaichukua senti bila kuinamisha hata kichwa. Kisha akajipandisha kwa kushika paja, mkono juu ya mkono, uso umekunjwa kwa maumivu yasiyo yake.

Nilikuwa nimekisoma kipimo hicho cha sarafu. Madaktari walikuwa wakiwadondoshea watoto sarafu zamani kabla ya kuwapo picha, na mtoto mwenye kifua kikuu cha uti wa mgongo huiokota hivyohivyo. Anaokota kama anavyofagia.

Mwalimu akaniita, akanishika mkono, akaweka kidole changu pale.

"Mara ya kwanza, ulikigusa?"

Bibi alikuwa ananitazama. "Nilikigusa," nikasema.

"Ukafanya nini?"

"Nilikipita."

Hakunigombeza, si pale wala baadaye. Aliomba mlango. Ndiyo, mlango, stoo palikuwa na mlango wa mbao uliong'olewa, tukauweka blanketi, tukamlaza mtoto chali na kumfunga kwa khanga tatu asigeuke, na lori lilelile la mkonge likampeleka hospitali kubwa, ambako palisemekana filamu zimefika. Mwalimu alikwenda naye. Mimi nilibaki na foleni.

Picha ilionesha pingili ya 9 na ya 10 za kifua zimeliwa kwa mbele na kukunjana, moja imeegemea nyingine. Hapo ndipo kijiwe kinapozaliwa. Mfupa unabomoka mbele, na nyuma mwiba unasukumwa nje, kama paa linavyochomoza upande mmoja nguzo ya upande mwingine ikiliwa na mchwa. Usaha na vipande vya mfupa vilikuwa vinaukandamiza uti wenyewe. Percivall Pott wa London aliueleza ugonjwa huo mwaka 1779, kibyongo na udhaifu wa miguu kwa pamoja, miaka 100 na zaidi kabla Robert Koch hajatangaza kijidudu chake Machi 1882. Mwaka wetu ule ulikuwa wa 100 tangu Koch. Kiswahili kilikuwa na neno kibyongo bila kumsubiri hata mmoja wao, na vijijini watu walikuwa na sababu zao: karogwa, kaangushwa na mama mtoto, karithi.

Alirudishwa kwetu kwa matibabu ya muda mrefu. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulikuwa umeanzishwa mwaka 1977, na daktari Karel Styblo, aliyeshauri utaratibu wake, alikuwa ameifanya Tanzania mahali pa kuonesha dunia kwamba nchi maskini inaweza kumfuata mgonjwa hadi apone, dozi kwa dozi, kadi kwa kadi. Kwa hiyo hospitali iliyokosa balbu ilikuwa na dawa za kifua kikuu. Hilo limenishangaza hadi leo. Miezi 2 ya mwanzo sindano ya streptomaisini kila siku, na vidonge juu yake. Matako ya yule mtoto yaliisha pa kuchoma.

Kazi yangu ilikuwa kumgeuza. Watu wawili, mabega na nyonga kwa wakati mmoja, kama gogo, mgongo usijinyonge. Bibi alitaka kujifunza, na baada ya siku 3 nesi alipendelea kugeuza na bibi kuliko na mimi. Kila asubuhi nilimwambia mtoto asogeze vidole vya miguu. Wiki ya kwanza hapana. Ya pili hapana. Nilikuwa naandika hapana kwenye daftari, tarehe mbele yake, na nikawa siwezi kula vizuri. Siku moja ya wiki ya 5 bibi akaniambia kidole gumba cha kushoto kimecheza usiku. Sikuona kitu. Asubuhi iliyofuata nikakiona. Mafunzo yangu yalikwisha kabla hajasimama. Nikaomba nirudi pale likizo, nikapewa nafasi ya kulala kwa mhudumu wa picha, ambaye kwa wiki zote hizo alinifunga bao bila huruma.

Alitembea. Alitembea tena kabisa, ingawa kijiwe hakikuondoka. Mfupa ulioliwa haurudi, unaganda ulivyo. Mwanzoni mwa mwaka 1983 nilikuwa nimeajiriwa mkoa uleule, nikapita hospitalini siku aliyokuja kuchukua dawa. Alikuwa amerefuka. Mgongo ulikuwa na kona ndogo juu ya kiuno, gauni jipya lilikuwa limeshonwa kuificha, na bibi alikuwa amelishona kwa kipimo cha mkono wake.

Nikamwamkia bibi. Akaitikia, akauchukua mkono wangu bila kuomba, akauweka shingoni kwa mtoto.

"Hesabu," akasema. "Kwa sauti. Nami nisikie."

Nikamwambia mtoto atazame dari. Nikapata kifundo kilichobaki, nikashuka kimoja, nikaanza: moja, mbili, tatu. Mtoto naye alikuwa anahesabu pamoja nami kwa sauti ya darasani, maana mgongo ni wake na alikuwa anahisi kila nilipogusa. Tukafika kwenye kijiwe. Mimi nikasema kumi. Yeye, aliyeanza na kile kifundo cha kwanza kabisa nilichokigusa, akasema kumi na moja.

"Amekosea nani?" bibi akauliza.

Nikarudisha kidole shingoni, nikaanza upya.